Kudumu katika Wito

Kuanza jambo jema kwahitaji moyo. Kuliendeleza kwahitaji moyo wa pili, ambao aghalabu hutafutwa baada ya ule wa kwanza kuchoka. Siku ya kuanza ina nyimbo, mashahidi na mikono ya pongezi. Siku ya elfu moja haina shahidi. Mtenda kazi huamka peke yake, akaiona kazi ile ile aliyoiacha jana, na vikwazo vile vile, na pengine watu wale wale wanaomcheka. Hapo ndipo huzuka swali ambalo kila mtu mwenye dhamiri hana budi kulijibu: mtu aliyeitwa kumtumikia Mungu na wenzake, akaona taabu nyingi na mazao machache, ana sababu gani ya kuendelea?

Kwanza tufahamu maana ya wito. Wako wadhanio kuwa wito ni mali ya makasisi na watawa tu. Dhana hii ni finyu. Kwa Mkristo, wito ni kazi ambayo mtu huifanya kwa kuwa anaamini kwamba Mungu ameiweka mbele yake, na ya kwamba akiiacha bila sababu ya haki, yuko mtu atakayepungukiwa. Mhubiri ana wito. Mwalimu, muuguzi, mzazi na mchungaji wa ng'ombe pia wanaweza kuwa nao. Ujira waweza kuwapo au usiwapo. Sifa yaweza kuja au isije. Kinachoufanya wito kuwa wito ni kwamba ndani yake mtu amejiona mdaiwa.

Tuliweke swali letu juu ya ardhi, maana fikira isiyo na mahali pa kukaa hupeperuka kama vumbi. Kusini mwa Nairobi imetanda nchi ya Kajiado, nchi ya mbuga na miti ya miiba, ambayo hufika hadi mpaka wa Tanzania. Riziki ya wenyeji wake wengi, Wamasai, imefungamana na ng'ombe, na uhai wa ng'ombe umefungamana na mvua. Mvua hutazamiwa mara mbili kwa mwaka, masika na vuli. Lakini kutazamia si kupata. Toka mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022, mvua za misimu mitano mfululizo zilikuwa haba katika sehemu kubwa za Kenya zilizo kame, na Kajiado ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Mifugo ilikufa kwa wingi. Mtu aliyekuwa tajiri katika msimu wa kwanza aliweza kuwa maskini kabla ya msimu wa tano.

Mfikirie mwinjilisti katika nchi hiyo. Mwezi wa Mei hukusanya watu arobaini chini ya mgunga, akawafundisha, akawajua kwa majina yao na majina ya watoto wao. Mwezi wa Septemba hurudi pale pale, akakuta jivu baridi na miiba ya boma lililohamwa. Watu hao hawakuikimbia Injili; wamefuata nyasi. Hapana wa kumlaumu, wala yeye mwenyewe hana kosa. Walakini kazi ya miezi mingi imeondoka kwa miguu, naye hana budi kuchagua kuifuata au kuiacha.

Kitengela iko katika nchi hiyo hiyo, lakini taabu yake ni ya namna nyingine. Zamani palikuwa mahali pa malisho, karibu na mpaka wa kusini wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ambako wanyama wa porini walipita kutoka mbugani na kurudi. Ardhi iliyokuwa ya jamii iligawanywa vipande vipande, vipande vikauzwa, nyumba zikaota mahali pa majani. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 mji huu ulikuwa na watu zaidi ya 150,000. Wengi wao wamekuja kutafuta kazi katika viwanda vya jirani au mjini Nairobi. Hutoka alfajiri, hurudi usiku, na hukaa ukuta kwa ukuta bila ya kujuana. Mtumishi wa Mungu mahali kama hapa hasumbuliwi na umbali wa safari. Husumbuliwa na milango iliyofungwa, kodi ya nyumba ambayo haingoji, na watu waliochoka mno hata hawawezi kusikiliza. Jangwa la mbuga ni uchache wa watu. Jangwa la mji ni wingi wa watu wasiojuana. Katika yote mawili moyo waweza kukauka.

Wahenga wetu wamesema kuwa mvumilivu hula mbivu. Usemi huu ni wa kweli katika mambo mengi, na ni tegemeo la watu wengi katika dhiki. Lakini yatupasa kuukagua kabla ya kuufanya msingi wa maisha mazima. Usemi huu humwahidi mvumilivu kwamba tunda litaiva, na ya kuwa litaiva mbele ya macho yake, naye atalila. Je, ikiwa mti ni wa namna ile ichukuayo miaka hamsini? Ikiwa mpandaji atazikwa kabla ya ua la kwanza, alikuwa mpumbavu kuumwagia maji? Kama uvumilivu wetu wote umesimama juu ya tumaini la kula, basi siku tutakapoona kuwa hatutakula tutakuwa hatuna sababu ya kubaki shambani.

Historia ya nchi yetu inalo jibu, nalo liko Rabai, karibu na Mombasa. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Kabla mwaka huo haujaisha, alikuwa amemzika mke wake, Rosine, na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, nao wakajenga kituo Rabai. Krapf alirudi Ulaya mwaka 1853 kwa sababu ya afya yake, Rebmann akabaki. Alikuwa mtu wa kwanza kutoka Ulaya kutoa habari za theluji ya Kilimanjaro, aliyoiona mwaka 1848, na wataalamu waliokaa vitini mwao London wakamfanyia dhihaka. Katika miaka ya 1850 hofu ya mashambulio ya Wamasai ilimwondosha Rabai akakimbilia Unguja. Hatari ilipopungua akarudi. Mke wake alikufa mwaka 1866. Macho yake yakaanza kuingia giza. Alipoondoka mwaka 1875, baada ya miaka 29, alikuwa karibu kipofu kabisa, na Wakristo aliowaacha walikuwa wachache sana. Mwaka uliofuata akafa kwao Ujerumani.

Mtu mwenye kupenda hesabu angegawanya miaka ile kwa idadi ya waongofu, akasema kuwa kazi ile ilikuwa hasara. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi katika tarakimu na potofu katika maana. Katika miaka ile Rebmann alikusanya maneno ya lugha za watu, Kiswahili kikiwa mojawapo, na jitihada yake iliingia katika kamusi ya Kiswahili ya Krapf iliyochapishwa mwaka 1882, wote wawili wakiwa wamekwisha kufa. Kwa maskani yake ya kudumu, Rabai ikawa mahali ambapo wengine waliweza kuanzia. Nchi ambayo watu wake waliogopwa Rabai kwa mikuki yao leo ina makanisa toka Kitengela mpaka Namanga. Rebmann hakuyaona hayo. Kama angetaka kuona kwanza ndipo adumu, yasingeanza kupitia kwake.

Kwa hiyo twaweza kusema kuwa tunda si kipimo cha pekee cha wito, kwa sababu wakati wa tunda hauko mikononi mwa mpandaji. Kilicho mikononi mwake ni uaminifu wa leo. Neno hili huwakera watu wapendao matokeo ya haraka, lakini ndilo neno ambalo kila mkulima hulijua. Mkulima hawezi kuiamuru mvua. Aweza kulima kabla haijanyesha.

Hapa msomaji mwenye akili atatoa pingamizi, na ana haki ya kuitoa. Atasema: kama tunda si kipimo, basi mkaidi na mwaminifu watatofautishwa na nini? Wote wawili huendelea. Wote wawili hukataa kuvunjwa moyo. Yuko mtu anayeng'ang'ania kazi isiyomfaa mtu yeyote, akauita ukaidi wake wito, na kuiita aibu ya kukiri msalaba wake. Pingamizi hii ni nzito, wala haifai kupuuzwa, kwa maana watu wameumizwa na ukaidi uliovaa kanzu.

Naona ziko alama tatu za kuwatenga. Alama ya kwanza ni kwamba mwaminifu hubadili njia ili alinde lengo, na mkaidi huacha lengo ili alinde njia. Mwinjilisti aliyekuta boma limehamwa, akabaki chini ya mgunga ule kila Jumapili akihubiria miti kwa sababu ratiba yasema hivyo, ni mkaidi. Akiuliza watu walikoelekea, akabeba kibuyu cha maji na kuwafuata, au akafundisha wazee miongoni mwao ili kila boma liende na mwalimu wake, huyo amebadili kila kitu isipokuwa wito.

Alama ya pili ni kwamba mwaminifu huweza kuonywa. Yeye hutenga sauti ya Mungu na sauti yake mwenyewe, na kwa hiyo mtu akimsahihisha hajioni kuwa Mungu ametukanwa. Alama ya tatu ni kwamba gharama ya kudumu hulipwa kwanza na yeye mwenyewe. Mtu ambaye wito wake huwaacha watoto wake na njaa ilhali yeye ameshiba sifa, yampasa kuukagua wito huo upya.

Maisha ya Molonket ole Sempele, mmoja katika Wamasai wa kwanza kuwa Wakristo, yatufundisha jambo jingine lililo gumu. Mwaka 1909 kijana huyu alivuka bahari mpaka Marekani, akasoma Boydton katika jimbo la Virginia, akarudi mwaka 1912. Nchi aliyoirudia ilikuwa katika msukosuko. Kwa mapatano ya mwaka 1911 Wamasai wa Laikipia walikuwa wakihamishwa kwenda kusini ili ardhi yao ichukuliwe na walowezi. Fikiri jinsi ilivyokuwa vigumu kuwa Mkristo kati ya watu waliokuwa wakinyang'anywa malisho na serikali ya watu walioitwa Wakristo. Baadaye yeye mwenyewe alitofautiana na wamisionari waliokuwa wamemlea, akashika njia ya kanisa lisilokuwa chini yao. Hata hivyo hakuitupa imani.

Hapo pana fundisho kwa kila kijana. Mara nyingi kinachovunja moyo si shida ya kazi, bali ni watu wa kazi: kiongozi asiyetimiza ahadi, mkubwa mwenye dharau, ndugu wa kanisani mwenye ulimi. Wengi huuacha wito kwa kuwakasirikia walioitwa pamoja nao. Ole Sempele aliwatenga wale waliompa habari na habari yenyewe. Aliona kuwa mjumbe aweza kukosea njia na barua ikabaki ya kweli.

Wala tusidhani kuwa mambo haya yamekwisha na watu wa zamani. Mjini Kajiado iko shule ya msingi ya bweni ya wasichana, ya Kanisa la Africa Inland, iliyoanzishwa mwaka 1959. Katika miaka ya Priscilla Nangurai, aliyekuwa mwalimu mkuu wake, shule hiyo ilijulikana kuwa kimbilio la wasichana waliotoroka ndoa za utotoni. Msichana aliweza kufika getini hana chochote ila nguo alizovaa, na nyuma yake baba mwenye hasira aliyekwisha pokea ng'ombe wa mahari. Mwalimu aliyemfungulia alijua kuwa ataitwa mvunja nyumba na adui wa mila. Nangurai ni Mmasai, na kwa mtu anayeipenda jamii yake shutuma hiyo huchoma kuliko tusi la mgeni. Sheria ya nchi ilikuja kuwakinga watoto kwa uwazi zaidi mwaka 2001, na mwaka 2011 ikatungwa sheria mahususi ya kukataza ukeketaji. Lakini milango ile ilikuwa imekwisha funguliwa kabla sheria hizo hazijaandikwa. Yuko mtu aliyedumu wakati ambapo sheria ilikuwa bado haina sauti ya kutosha.

Katika mfano huu twaona pia kwamba kudumu hakuhitaji ugomvi. Kazi ya namna hii hutaka maneno mengi ya subira na wazazi, safari za kuwasuluhisha binti na baba, na miaka ya kungoja mpaka baba yule yule aliyekuja na hasira aje na binti yake mdogo amwandikishe shule. Anayewapenda watu hudumu kati yao. Hadumu dhidi yao tu.

Sasa tuseme juu ya kuvunjika moyo kwenyewe. Wapo wanaofundisha kuwa mtu wa imani havunjiki moyo. Maandiko hayasemi hivyo. Nabii Eliya aliwashinda manabii wa Baali mbele ya watu wote, na muda mfupi baada ya ushindi huo alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Huzuni yake ilikuja baada ya ushindi, jambo ambalo watu wengi hawalitazamii. Na dawa aliyopewa kwanza haikuwa hotuba. Aliachwa alale, aliamshwa akapewa mkate na maji, akalala tena, akapewa tena. Ndipo baadaye alipoulizwa anafanya nini pale, na kutumwa arudi kazini.

Mtu aliyechoka husema kwa ulimi wa uchovu, akadhani anasema kwa ulimi wa hekima. Huona kuwa amefikiri sana, kumbe hajalala. Haifai mtu kuukata wito wake usiku wa manane, wala siku ya njaa, wala saa ile ya kutukanwa. Na ale, alale, azungumze na rafiki mkweli. Kisha, akiwa na akili tulivu, auangalie wito wake mchana kweupe. Kama bado aona sababu ya haki ya kuuacha au kuubadili, ataondoka kwa amani. Mara nyingi ataona kuwa kilichohitaji kubadilishwa ni desturi yake ya kujibebesha peke yake mzigo wa watu kumi.

Eliya alikosea pia katika hesabu. Alisema kuwa amebaki peke yake. Akaambiwa kuwa wako watu 7,000 ambao hawajapiga goti mbele ya Baali. Kukata tamaa ni karani mbaya. Huandika hasara zote kwa wino mweusi na kusahau faida zilizo kimya. Mwinjilisti wa mbugani hajui ni watu wangapi, kati ya wale arobaini waliofuata nyasi, wanaosali jioni mahali ambapo hajafika. Mwalimu wa Jumapili wa Kitengela, anayefundisha watoto sita katika chumba cha bati, hajui ni yupi kati yao atakayekuwa mwaminifu katika ofisi ambayo wengine wote wamekula rushwa.

Mwalimu mmoja wa Uganda, Apolo Kivebulaya, alikwenda kuhubiri Mboga, upande wa Kongo, mwaka 1896. Alipigwa, akashitakiwa, akafungwa gerezani. Alipofunguliwa aliwarudia watu wale wale, na mtawala Tabaro, aliyekuwa amempinga, akawa Mkristo. Apolo alifia Mboga mwaka 1933, akazikwa huko huko, katika nchi ambayo kwanza ilimfukuza. Kurudi kwake kulihubiri kuliko maneno yake. Watu humsikiliza kwa namna nyingine mtu ambaye walimwumiza naye akarudi bila kisasi.

Wewe kijana usomaye, huenda hujaitwa bado katika kazi kubwa. Umeitwa katika kazi ndogo: masomo, wazazi, ahadi uliyompa mwenzio, zamu ya kufagia kanisa ambayo hapana anayeitazama. Usizidharau. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, na tabia ya kudumu hufumwa kwa nyuzi za siku za kawaida. Mtu asiyeweza kuitunza zamu ya ufagio hatapata kwa ghafula nguvu ya kuitunza zamu ya hatari.

Ukiingia katika kazi uliyoitiwa, usijiahidi kwamba utaona matunda yake. Jiahidi kwamba utakuwapo. Badili njia panapohitaji. Onyeka unapoonywa kwa haki. Pumzika kabla hujaanguka. Wasamehe wenzako wa kazi, kwa kuwa nao wamechoka. Na kipindi cha ukame kitakapofika, kama kinavyofika Kajiado na katika moyo wa kila mwanadamu, kumbuka kwamba mwenye ng'ombe mwema hawaachi hai kwa sababu ya waliokufa. Huwaongoza waliobaki kwenye maji.